Gesi Hukaa Chini

Bwenini, Meru
Jumapili, 17 Mei 1992

Kwa Mjomba Njiru,

Nitakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mama. Mimi sisikii harufu. Si kwamba nasikia kidogo. Sisikii kabisa, na sijawahi kusikia tangu nizaliwe. Maua, jasho, mkate, choo, kwangu vyote ni hewa tu. Nilipokuwa mdogo nilidhani watu wakisema "kitu fulani kinanukia" ni namna ya kuongea, kama vile wanavyosema moyo umevunjika. Nilipojua kwamba wenzangu wanasikia kweli, niliona aibu kusema. Nikajifunza kutazama nyuso za watu. Wakikunja uso, nami nakunja.

Nakuambia wewe kwa sababu ya Krismasi. Unakumbuka kule Kiambere kwa nyanya, kicheche alipopita nyuma ya ghala tukiwa tunakula? Watu wote walikimbia na sahani zao, watoto wakalia, mama akafunika sufuria kwa leso. Tulibaki wawili pale mezani tukiendelea kula maharagwe yetu ya njahi, mimi na wewe. Kisha anti Ciakuthii akapiga kelele mlangoni, "Ninyi wawili mmekufa pua?" Ukainua kichwa, ukawatazama kwanza, halafu ndipo ukashika pua. Mjomba, mimi hufanya hivyohivyo.

Sitamwambia mtu. Nataka tu kujua kama tuko wawili.

Wako,
Makandi

*

Kiambere
26 Mei 1992

Makandi, Mwalimu wangu,

Barua yako nimeitoa posta ya Kiritiri siku ya soko. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kimbeere changu nikikiweka kwenye karatasi kinakataa kukaa.

Usijali sana hiyo mambo ya pua. Dunia ina harufu mbaya nyingi kuliko nzuri, wewe umeokoka. Lakini mimi usinitie kwenye kundi lako. Siku ile nilikuwa na njaa, na njahi ya mama ilikuwa imeiva. Pua yangu ni nzima.

Sasa nisaidie. Unajua ile boti ya chuma niliyonunua, iliyokuwa ikivusha mafundi tulipojenga bwawa. Nimeipaka rangi, nimeiwekea viti na paa, nataka kuwatembeza watu ziwani. Watu wa Embu wakija na jua hili la Mbeere watataka soda baridi. Na stima hakuna. Nyaya zinapita juu ya vichwa vyetu zikienda mbali, sisi huku chini tunawasha koroboi. Basi nimenunua friji ya gesi kutoka kwa mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Haina injini. Unawasha moto mdogo chini yake, huo moto ndio unaleta baridi. Mzee Salesio wa dukani amekuja kuitazama akaniuliza, "Njiru, siku hizi unapika barafu?" Nikamwambia ndiyo, nitamletea bakuli na kijiko.

Shida ni hii. Nikiiweka nyumbani inagandisha hata maji. Nikiipandisha kwenye boti inakuwa kabati tu. Nimeng'oa kurasa za kitabu chake nimezitia humu ndani. Kiingereza chake ni cha kumpa mtu usingizi, na wewe ndiye msomaji wetu. Soma uniambie nifanye nini.

Mjomba wako,
Njiru

*

Bwenini, Meru
3 Juni 1992

Kwa Mjomba Njiru,

Nimezisoma kurasa zote mara nyingi, na kamusi kando. Nimefurahi kwamba uliniomba mimi.

Friji hii haina pampu ya kusukuma kitu. Ule moto huchemsha dawa iliyo ndani ya mabomba ya nyuma, dawa hupanda, hupoa, kisha hushuka yenyewe kama maji ya mtaro. Ndiyo maana lazima isimame wima sawasawa. Ikiinama, dawa hukwama njiani na baridi hukoma. Boti yako inayumba, na umeiweka juu karibu na paa, mahali panapoyumba kuliko pote.

Ishushe. Iweke chini kabisa katikati ya boti, mahali pasipocheza sana, na uipime kwa pimamaji kama ukuta wa nyumba. Kitabu kinasema pia upepo usiguse ule moto.

Kuhusu pua, nimekuelewa. Sitauliza tena.

Makandi

*

Kiambere
15 Juni 1992

Mwalimu Makandi!

Nimekunywa soda baridi katikati ya ziwa! Meno yaliuma! Nilimpelekea Salesio moja imefunikwa na gunia, akaishika akairudisha mezani haraka akasema, "Hii kitu imekufa jana."

Nimefanya kama ulivyosema. Nimeiteremsha mpaka chini, juu ya zile mbao zinazofunika tumbo la boti, na mtungi wa gesi nimeuweka ubavuni mwake ili mpira usiwe mrefu. Upepo ulikuwa unazima moto, kwa hivyo nimezungushia mbao pande zote. Hakuna hewa inaingia hata ya kutikisa unyoya. Kulikuwa pia na kidude kimoja cha kubonyeza, moto ukizimika chenyewe kinakata gesi. Kilikuwa kinanisumbua, kinakata ovyo. Nimekifunga na waya, sasa kimetulia.

Habari kubwa: mama yako amenitafutia wateja. Chama chao cha akina mama wa Majimbo huko Embu watakuja Jumamosi tarehe 18 Julai, boti nzima, na watoto. Wakirudi Embu wakasema vizuri, nimepona. Hata mke wangu Ciakuthii ataacha kuniita mwendawazimu wa maji.

Hii yote ni kichwa chako.

Njiru

*

Bwenini, Meru
Jumapili, 21 Juni 1992

Kwa Mjomba Njiru,

Tafadhali usiwashe friji kabla hujamaliza kusoma barua hii. Kama inawaka, funga mtungi kwanza.

Ijumaa mwalimu wetu wa kemia, Bwana Mbaabu, alitufundisha kwamba kuna hewa nyepesi na hewa nzito. Alimimina hewa kutoka kwenye chupa juu ya mshumaa, kama mtu anayemimina uji, na mshumaa ukazima. Hatukuona kitu kikimiminika. Mimi siulizi maswali darasani, unanijua. Niliandika swali langu kwenye karatasi nikaiacha mezani kwake. Alinijibu kwa kalamu nyekundu: gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi kama moshi. Inashuka na kukaa chini.

Mjomba, nyumbani ikivuja itatoka chini ya mlango. Boti haina mlango chini. Ingekuwa nao ingezama. Gesi itaingia chini ya zile mbao na kubaki humo kama maji kwenye karai, siku baada ya siku, mpaka mtu awashe kiberiti. Na mimi ndiye niliyekuambia uishushe. Kitabu hakikusema hayo kwa sababu kiliandikwa kwa ajili ya nyumba, nami sikufikiri.

Fungua ule waya leo. Kile kidude ni cha kuokoa maisha. Toa mbao ulizozungushia. Uhamishe mtungi juu, nje, mahali penye upepo. Mwanakombo, ambaye tunakaa dawati moja, kwao wana hoteli Majengo na wanapika kwa gesi. Anasema baba yake, Idrisi, kila akibadilisha mtungi hupaka povu la sabuni kwenye viungo vyote vya mpira. Povu likifura, hapo panavuja. Jambo hilo halihitaji pua.

Gesi wameitia harufu makusudi ili watu wajue ikivuja. Kwa hivyo nisamehe, nilisema sitauliza tena lakini nauliza. Ile siku ya kicheche, ulisikia? Ukiniambia tena kwamba pua yako ni nzima, nitakuamini na nitalala.

Makandi

*

Kiambere
29 Juni 1992

Makandi,

Pua yangu ni nzima. Gesi ikivuja nitaisikia hata nikiwa ng'ambo.

Kuhusu kuosha mtungi na sabuni, hapana. Salesio alinikuta nikipima friji na pimamaji akauliza kama naijengea nyumba ya pili. Akinikuta naiogesha atasema nimeioa.

Kila kitu kiko sawa, baridi ni ya kupasua chupa. Sitabomoa kazi nzuri wiki tatu kabla ya wageni kufika. Wewe soma, mtihani u karibu.

Njiru

*

Bwenini, Meru
8 Julai 1992

Mama mpendwa,

Mjomba amekataa kunisikia, na barua mbili nilizomwandikia baada ya hapo hajazijibu. Nimemwomba mwalimu wa zamu ruhusa ya kupiga simu bwawani, akaniuliza kama kuna msiba. Nikasema hapana, bado. Akaniambia nirudi darasani.

Nimefikiri sana kabla ya kukuandikia, kwa sababu ninachosema si changu. Usipande ile boti. Usiwaache akina mama wa chama wapande. Gesi ya friji imewekwa chini mahali isipoweza kutoka, kifaa cha kuikata kimefungwa kwa waya, na Mjomba hawezi kusikia harufu ikivuja. Hasikii harufu yoyote, mama. Ananiambia anasikia, lakini najua kwamba hasikii kwa sababu mimi pia sisikii. Nimekuficha miaka yote, nisamehe kwa hilo, tutaongea nikija.

Najua Mjomba ameweka kila kitu katika safari hii. Najua pia kwamba akigundua nimesema, atanichukia. Sina njia nyingine ya kumfikia.

Mwanao,
Makandi

*

Majimbo, Embu
Jumapili, 19 Julai 1992

Makandi mwanangu,

Barua yako ilifika Ijumaa, siku moja kabla ya safari. Usiku huo sikujua la kufanya. Sikutaka kumwaibisha ndugu yangu kwa maneno ya mtoto, na sikutaka kuyapuuza. Basi nilifanya jambo ambalo sasa sijui kama lilikuwa la busara.

Nilibeba chupa mbili ndogo. Tulipofika ziwani, Njiru alikuwa amevaa shati jeupe na kofia. Wanawake walipiga vigelegele. Nikamwambia, "Njiru, kabla hatujapanda, tucheze kidogo. Hapa kuna chupa ya maji na chupa ya mafuta ya taa. Nitakufunga macho, unuse, utuambie maji ni ipi." Alicheka. Karimi, mwenyekiti wetu, akapaza sauti, "Nahodha asipojua maji sisi tunarudi Embu!"

Nilimfunga macho kwa leso yangu. Akanusa ya kushoto, akanusa ya kulia, akachukua muda mrefu kama mtu anayechagua ng'ombe. Kisha akasema, "Maji ni haya ya kulia. Hata naweza kuyanywa." Akainua chupa mdomoni.

Nilimrukia mkono. Makandi, zote mbili zilikuwa mafuta ya taa. Nilikuwa nimetia mafuta kwenye zote.

Kwanza walicheka. Kisha yakamwagika kwenye lile shati jeupe na kila mtu akasikia harufu isipokuwa yeye, naye alikuwa bado anatabasamu, macho yamefungwa. Nilimfungua nikawaeleza kuhusu gesi. Karimi alimshukuru kwa heshima, tukala chakula chetu ufukoni, watoto wakalia kwa kunyimwa boti, tukaondoka.

Njia nzima nilikumbuka utotoni. Nilikuwa nikimpiga kwa kunywa maziwa yaliyoharibika. Nilidhani ni mlafi.

Nilimwambia aitoe hiyo friji, akageuza uso. Mimi ni dada yake mkubwa, lakini boti ni yake. Nitamwomba Mungu. Na wewe, mbona hukuniambia? Ningekuchapa kwa lipi?

Mama yako,
Rwamba

*

Kiambere
24 Julai 1992

Makandi,

Nilikuambia uongo, ndiyo. Sisikii harufu. Nimeishi na siri hii tangu kabla mama yako hajaolewa. Kwenye ujenzi wa bwawa wangejua wangenitoa kwenye karakana, kwa hivyo sikumwambia mtu, hata Ciakuthii. Wewe uliniandikia kwamba hutamwambia mtu. Nikafikiri, huyu ameelewa.

Sasa Kiritiri yote wanajua. Wananiletea vitu ninuse. Jana kijana mmoja alinipa soksi akaniambia ni ua. Salesio peke yake hajacheka, na hiyo inauma zaidi.

Ile Jumamosi ziwa lilikuwa limetulia kama maziwa kwenye kibuyu. Wangeenda wakarudi. Ulisema gesi itajaa, italipuka. Iko wapi? Mbona sijafa? Mimi nalala humo kila siku kwa sababu watu wanaiba injini. Hata barua hii naiandikia ndani ya boti, koroboi iko hapa karibu na mkono, na friji iko palepale uliposema niiweke. Inagandisha vizuri. Nawauzia wavuvi soda. Hicho ndicho kimebaki.

Usiniandikie tena.

Njiru

*

Kiambere, ndani ya boti
Jumamosi, 8 Agosti 1992

Kwa Mjomba Njiru,

Uliniambia nisikuandikie. Nilikuja ili nisiandike, nikuambie kwa mdomo. Tulifunga shule jana, nikalala Majimbo, asubuhi nikapanda gari la kwanza. Nilipokuwa nateremka kuelekea ziwani nilikuona ukiingia kwenye mtumbwi. Najua uliniona. Nilikuita lakini sauti yangu haifiki mbali, hata darasani haifiki. Nimekungoja hapa tangu saa tatu na sasa jua limepinda. Anti Ciakuthii amesema, "Huyo hatarudi ukiwa hapa. Amekuogopa wewe kuliko kiboko." Amekataa kuja karibu na boti. Anasema hajawahi kuikanyaga na hataanza leo.

Kwa hivyo nakuachia maandishi. Nitasema tu nilichofanya, usije ukadhani ni mtu mwingine.

Niliingia bila viatu. Moto wa friji ulikuwa umezimika. Sijui tangu saa ngapi. Waya ulikuwa bado umekibana kile kidude, na mtungi ulikuwa wazi. Nikaufunga mtungi. Koroboi yako na kiberiti nilivitoa nikaviweka mbali juu ya mawe, utavikuta huko.

Nilibomoa mbao ulizozungushia friji, kisha nikainua zile za sakafu. Nilitazama chini. Kulikuwa na maji kidogo na kamba moja. Hakukuwa na kitu kingine cha kuonekana. Niliinama nikavuta pumzi kwa pua kwa nguvu, nikapata hewa tu, kama kila siku. Nilikasirika nikalia. Mtu yeyote mwingine katika nchi hii angesimama pale akajua. Tumekuwa wawili katika boti hii, nawe umekimbia, na hata ungekuwepo tungetazamana tu.

Kabla ya shule kufungwa nilimuuliza Bwana Mbaabu, kwa mdomo safari hii, mtu afanye nini akiwa na gesi ndani ya boti na hawezi kuimimina. Aliniambia, "Ichote." Nikadhani anatania. Alisema ni kama maji, uichote kwa ndoo uimwage nje, upepo utafanya mengine.

Basi nilichukua ndoo yako ya samaki nikaanza kuchota. Niliishusha tupu mpaka chini, nikaiinua tupu, nikaimwaga ziwani tupu. Wavuvi wawili walipita na mtumbwi wao, wakasimama kunitazama. Mmoja aliniuliza, "Msichana, unamwaga nini?" Nikasema gesi. Wakatazamana. Yule mwingine akasema, "Huyu ni wa kwa Njiru," wakapiga kasia wakaenda. Niliendelea. Sikujua kama nachota kitu au nachota hewa. Sikujua kama imepungua au imekwisha au haikuwepo. Hakuna kitu kilichoniambia nisimame, kwa hivyo nilisimama mikono ilipokataa.

Baadaye, upepo ulipokuwa umepita humo muda mrefu, nilikoroga sabuni ya unga kwenye kikombe, nikapaka viungo vyote vya mpira, nikafungua mtungi kidogo sana. Pale mpira unapoingia nyuma ya friji povu lilifura likawa kubwa kama yai, likapasuka, likafura lingine. Nililitazama mara tatu ili niwe na hakika. Kisha nikafunga.

Ningependa uje ulione. Ni kitu cha macho, ungeamini. Lakini siwezi kuacha mtungi wazi nikikungoja, na siwezi kukulazimisha urudi kutoka ng'ambo.

Nimeukata mpira vipande kwa kisu chako cha samaki na vipande nimeviacha juu ya kiti uvione. Ninajua Kiritiri wanauza mipira mingine. Ninajua pia kwamba nikirudi shuleni Septemba sitakuwepo kukata. Ukinunua mwingine, uweke mtungi juu ya paa, upake sabuni. Sitasema zaidi ya hapo. Samahani kwa mama, na kwa shati, na kwa yule kijana wa soksi. Kwa akina mama wa Majimbo siombi samahani.

Ndani ya friji nimekuta soda na samaki wanne. Samaki nimempelekea anti awakaange kabla hawajaharibika. Soda nimezitia kwenye gunia, nikalifunga kwa kamba na kulizamisha majini kando ya jiwe refu, ili zisipate moto upesi. Zilikuwa baridi sana. Moja niliinywa, nimekuachia hela yake juu ya friji. Sasa naenda kushika gari la mwisho la Embu.

Makandi